Uhuru wa Mshairi: Kumsoma Upya Abdilatif Abdalla

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili nchini Kenya amewahi kukutana na swali hili katika karatasi ya mtihani: eleza kwa mifano jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Naye mwanafunzi aliyefunzwa vyema huinamisha kichwa akaanza kuorodhesha. Hapa pana inkisari, neno limefupishwa ili mizani itoshe. Pale pana mazida, neno limerefushwa. Kule sarufi imeborongwa ili vina vilingane, na mwishoni pana matumizi ya lahaja. Alama zinapatikana, karatasi inakusanywa, na kila mtu anakwenda zake.

Mwandishi wa makala haya hana ugomvi na inkisari wala mazida. Mtu asiyejua jinsi shairi lilivyoundwa hawezi kudai kwamba amelisoma. Hata hivyo, swali hilo linapoulizwa kuhusu shairi la Abdilatif Abdalla, huzaa kejeli ambayo sisi wanafunzi na walimu wa lugha tumeizoea mno hata hatuioni. Mtu aliyetunga akiwa amefungiwa chumbani peke yake, bila ruhusa ya kuandika, anaulizwa uhuru wake ulikuwa wapi. Na jibu linalotarajiwa ni kwamba ulikuwa katika kufupisha maneno.

Hoja yangu ni moja. Abdilatif Abdalla alinyamazishwa mara mbili. Mara ya kwanza alinyamazishwa na mahakama mwaka 1969. Mara ya pili ananyamazishwa na heshima: tunamsifu kama malenga, tunazihesabu silabi zake, kisha tunaliacha nje ya darasa lile swali lililomtia gerezani. Kunyamazisha huku kwa pili hakuna askari wala hakimu. Kunafanywa na sisi wenyewe, na kwa hiyo ni sisi tunaoweza kukukomesha.

Kijana wa Mvita

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo ambao ushairi na siasa vilikaa chungu kimoja. Alilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, aliyekuwa mshairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye yule malenga ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971. Kaka yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanasiasa wa Mwambao katika miaka ya kuelekea uhuru, na baadaye akawa mwanachuoni mashuhuri wa dini. Katika nyumba kama hiyo, mtoto hufundishwa mapema kwamba maneno yaliyopangwa vizuri si pambo la arusini peke yake. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa na kufariki mnamo 1840, mshairi wa Mvita alikuwa pia mtu wa barazani, anayejibizana na wakubwa na kuwasema wanapostahili kusemwa.

Kijana huyu aliajiriwa katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, katika kazi ya hesabu. Huko nje, nchi ilikuwa imeanza kubadilika. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alikihama chama cha KANU na kuanzisha Kenya People's Union, yaani KPU. Mwaka 1968, uchaguzi wa serikali za mitaa ulipowadia, karatasi za wagombeaji wa KPU zilikataliwa kote nchini kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa, na wagombeaji wa KANU wakapita bila kupingwa. Abdilatif alikuwa mfuasi wa KPU. Pamoja na wenziwe alikuwa akitoa nyaraka za siri zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mnamo Novemba 1968 ukatoka waraka wenye kichwa cha maneno mawili tu: Kenya: Twendapi?

Waraka huo uliilaumu serikali kwa kuiziba njia ya upinzani wa halali na kuielekea njia ya udikteta, ukawaonya watawala kwamba watu wakifungiwa milango yote watatafuta njia nyingine. Desemba mwaka huo mwandishi wake alikamatwa. Alikuwa na umri wa miaka 22. Machi 1969 alipatikana na hatia ya uchochezi, akatumikia kifungo hadi Machi 1972, sehemu kubwa akiwa peke yake, katika magereza yakiwemo Kamiti na Shimo la Tewa.

Tutazame yaliyotokea nje akiwa ndani. Julai 1969 Tom Mboya, Mbunge wa Kamukunji hapa Nairobi, aliuawa kwa risasi mchana mjini. Oktoba mwaka huo huo watu waliuawa Kisumu wakati wa ziara ya Rais. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Desemba uchaguzi mkuu ukafanywa na chama kimoja. Mwaka uliofuata waraka ulikuwa mwaka wa kuujibu waraka. Swali la "twendapi" lilikuwa limeulizwa na kijana wa miaka 22, na historia ikamjibu kabla hajamaliza hata mwaka mmoja wa kifungo chake.

Karatasi mbili

Katika maisha ya Abdilatif kuna karatasi mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Karatasi ya kwanza ni ya waraka. Hii iliandikwa kwa nathari, kwa Kiswahili cha wazi ambacho kuli wa bandarini na karani wa manispaa wangeweza kukielewa kwa kusikia kikisomwa mara moja. Karatasi ya pili ni ya msalani, ile aliyoiandikia mashairi kwa siri gerezani, ambayo baadaye yalitolewa kwa jina la Sauti ya Dhiki na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1973, yakiwa na dibaji ya Shihabuddin Chiraghdin.

Wengi wetu huzichanganya. Mimi ni mzaliwa wa Umoja, na jioni huwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne huko Kayole. Siku moja baada ya kusoma shairi la Abdilatif, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ticha, kwani huyu alishikwa juu ya ngoma gani?" Alitaka kujua ni shairi lipi lililomfunga. Ni swali zuri, na wapo wanafunzi wa chuo kikuu ambao wangelijibu kwa kutaja mojawapo ya mashairi ya diwani. Ukweli ni kwamba hakufungwa kwa sababu ya shairi lolote. Alifungwa kwa sababu ya nathari. Mashairi ya Sauti ya Dhiki ni matokeo ya kifungo, si chanzo chake.

Tofauti hii si ya kitoto. Ikiwa tunaamini kwamba alifungwa kwa mashairi, basi tunaweza kuusoma waraka ndani ya diwani na kudhani tumemaliza. Tukijua kwamba alifungwa kwa nathari, tunalazimika kuuliza: je, nathari hiyo iko wapi katika masomo yetu? Na je, kwa nini alipofungiwa aliiacha nathari akaushika ushairi?

Swali la pili lina jibu linalotuhusu sisi wanafasihi. Mtu aliyenyimwa karatasi anahitaji maneno yanayoweza kukaa kichwani mpaka karatasi ipatikane. Vina na mizani ni kamba za kumbukumbu. Ubeti uliofungwa vizuri haupotei hata ukikaa wiki nzima bila kuandikwa. Aidha, mtu anayelindwa na askari anahitaji lugha ya fumbo. Ndiyo maana katika diwani tunakutana na mamba anayejigamba mtoni na kujiona hashindiki, na mshairi anayemkumbusha kwamba kila kiumbe kina siku yake. Tunakutana na watu wawili wanaozozana juu ya mnazi, mmoja akiwa amekwisha kuupanda na hataki kugawana, mwingine akiwa chini akidai kwamba mti ni wao wote wawili. Tunakutana na shairi lenye kichwa cha Siwati, yaani siachi kwa Kimvita, neno moja ambalo ni jibu kamili kwa yeyote aliyetarajia kwamba upweke ungemfanya aombe radhi.

Kwa hiyo vina, mizani, fumbo na lahaja katika Sauti ya Dhiki si mavazi ya sherehe. Ni vifaa vya mtu aliyezingirwa. Mwalimu anayefundisha umbo la mashairi haya bila kutaja kuta zilizoyazunguka anamfundisha mwanafunzi jina la jembe bila kumwambia kwamba kuna shamba.

Tuzo na ukimya

Yaliyofuata baada ya 1972 yanajulikana kwa kiasi. Abdilatif alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili hadi 1979, wakati ambapo kazi ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka 1981, ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1976 ilichapishwa tafsiri yake ya riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Kutoka Dar es Salaam alikwenda London, kwanza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akawa mhariri wa jarida la Africa Events. Kuanzia 1995 hadi 2011 alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Mtu aliyesaidia kuijenga lugha yetu kwa karibu miaka 40 aliifanya kazi hiyo yote nje ya Kenya. Na hakunyamaza huko: miaka ya themanini alikuwa pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Wakenya wengine walioko London wakidai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa nyumbani.

Lakini jambo ninalotaka tulitafakari ni lile lililotukia mwaka 1974. Mwaka huo Sauti ya Dhiki ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mashairi yaliyoandikwa ndani ya gereza yalipewa tuzo yenye jina la Rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia mshairi gerezani, tena wakati Rais huyo angali madarakani na mshairi angali ng'ambo ya mpaka.

Wengine huisimulia habari hii kama kichekesho, na kweli ina ucheshi wake. Wengine huisimulia kama ushindi wa fasihi, na hao pia wana haki. Waamuzi walioipa diwani hiyo tuzo walitambua kazi bora, na haikuwa kazi ndogo kuitambua wakati ule. Mimi naiona pia kama mwanzo wa mgawanyo ambao bado tunaishi nao. Kuanzia hapo, Abdilatif wa diwani alikaribishwa rafuni na Abdilatif wa waraka akabaki nje mlangoni. Diwani ikapata toleo, dibaji, tahakiki na maswali ya mtihani. Waraka haukupata hata kimoja. Kwa miaka mingi uliishi katika kumbukumbu za watu na katika majalada, mpaka wataalamu kama Kai Kresse walipourudia na kuujadili kwa mapana mwaka 2016, mwaka ule ule kilipotoka Dar es Salaam kitabu cha Abdilatif Abdalla: Poet in Politics, kilichohaririwa na Rose Marie Beck na Kresse. Tuseme kweli: karibu miaka 50 ilipita kabla ya waraka wa Kiswahili, ulioandikwa na Mkenya, kuhusu Kenya, kupewa nafasi ya kujadiliwa kama maandishi yanayostahili kusomwa.

Hali hii si ya Kenya pekee. Waukraini wanamhesabu Taras Shevchenko kuwa baba wa ushairi wao. Mwaka 1847 alikamatwa na utawala wa Urusi, akapelekwa mbali kuwa askari, na mfalme Nicholas wa Kwanza akaamuru asiruhusiwe kuandika wala kuchora. Alitunga kwa siri katika vidaftari vidogo alivyovificha ndani ya viatu vyake vya kijeshi. Karne iliyofuata, dola ya Kisovieti ilimjengea Shevchenko sanamu na kuchapisha vitabu vyake kwa wingi, huku yale yasiyoipendeza yakipunguzwa. Dola hiyo hiyo ilimkamata mshairi mwingine wa Ukraine, Vasyl Stus, mnamo Januari 1972, miezi miwili kabla ya Abdilatif kufunguliwa. Akafungwa tena 1980, na akafia kambini mwaka 1985. Mshairi aliyekufa alikuwa na sanamu, mshairi aliye hai alikuwa na pingu, na aliyewagawia vitu hivyo alikuwa mmoja. Kumtukuza mtunzi ni njia mojawapo ya kumnyamazisha, iwapo kinachotukuzwa ni sauti yake bila kile alichokisema.

Kwa nini Eastlands

Msomaji anaweza kuuliza: mambo ya Mombasa ya 1968 yana uhusiano gani na mitaa ya Eastlands? Uhusiano wa kwanza uko katika majina yenyewe. Shauri Moyo, Bahati, Maringo, Ziwani, Uhuru, Umoja: mitaa hii ilizaliwa ikizungumza Kiswahili. Makadara iko Mombasa na iko Nairobi. Kaloleni iko Pwani na iko hapa kando ya Barabara ya Jogoo. Wenyeji wa Majengo, Pumwani, walikuwa wakisema Kiswahili nyumbani kabla Kenya haijawa na uhuru. Anayesema kwamba mshairi wa Kimvita ni mgeni Eastlands hajasikiliza kondakta wa matatu akiyataja majina ya vituo.

Uhusiano wa pili uko katika lugha. Mara nyingi husemwa kwamba watoto wa mitaa hii hawawezi kumsoma Abdilatif kwa kuwa Sheng imewaharibu. Ninavyowaona Kayole, mambo ni kinyume. Mtoto anayesema Umo badala ya Umoja, na Buru badala ya Buruburu, haimpi taabu inkisari. Amekuwa akiitumia tangu alipojua kusema. Anapokutana na kichwa cha shairi kama N'shishiyelo ni Lilo, kwanza hucheka. Ukimwambia kwamba maana yake ni "nililolishikilia ni lilo hilo", na kwamba maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya seli, kicheko hukoma. Anaelewa mara moja kwamba huyu ni mtu aliyekataa kubadilisha msimamo, na kwamba aliusema msimamo huo kwa lugha ya kwao na si kwa lugha ya ofisini. Vijana wa Dandora walipoanza kurapu kwa lugha ya mtaani katika miaka ya tisini, kundi la Kalamashaka likiwa mbele, walifanya kitu ambacho Abdilatif angekitambua: waliyasema matatizo ya kwao kwa lahaja ya kwao, wala hawakungoja ruhusa ya Kiswahili sanifu.

Uhusiano wa tatu ndio mzito. Uwanja wa Kamukunji uko hapa. Ndipo mkutano wa Saba Saba ulipokusudiwa kufanyika Julai 7, 1990, ukazimwa kwa nguvu, na bado mwaka uliofuata Kenya ikarejea katika mfumo wa vyama vingi. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana wengi walioteremka mjini walipita katika barabara hizi hizi, na wako ambao hawakurudi. Juni 2025 mwalimu kijana alifia mikononi mwa polisi katika kituo kimoja jijini Nairobi baada ya kukamatwa kwa sababu ya maneno yaliyowekwa mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi. Sheria ya uchochezi iliyomfunga Abdilatif ilifutwa mwaka 1997. Hofu ya maneno haikufutwa pamoja nayo.

Wanafunzi ninaowafundisha wanayajua haya kuliko ninavyoyajua mimi. Wana simu, wana ndugu, wana majirani. Wanapoingia darasani na kukuta kwamba fasihi ya Kiswahili ni hesabu ya vina peke yake, wanahitimisha kwamba Kiswahili hakina la kuwaambia kuhusu maisha yao. Wanakisoma kwa ajili ya alama, na ya moyoni wanayaandika kwa lugha nyingine. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa. Haimpati Abdilatif, maana yeye alikwisha kusema lake. Inatupata sisi tunaotaka lugha hii iwe na wasomaji baada yetu.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaonipinga, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba tukiiingiza siasa darasani tutaigeuza fasihi kuwa jukwaa. Ninakubali hatari hiyo ipo. Mwalimu anayelitumia shairi kama kisingizio cha hotuba yake mwenyewe hamtendei haki mshairi. Lakini katika kazi ya Abdilatif siasa haiingizwi na msomaji, imo tayari. Anayeiondoa ndiye anayefanya kazi ya ziada. Kuusoma waraka pamoja na diwani hakumlazimishi mwanafunzi kukubaliana na waraka. Anaweza kuukosoa, akauliza kama onyo lake kuhusu nguvu lilikuwa la busara, akapima kama KPU ingekuwa bora. Hayo ndiyo masomo.

Hoja ya pili ni kwamba waraka si fasihi, kwa hiyo haustahili kuwekwa kando ya diwani. Hoja hii inasahau historia ya lugha yetu. Tunazisoma nyaraka za Waswahili wa kale, barua na habari za miji, kama maandishi yenye mtindo na ufundi. Kwa nini waraka wa 1968 uwe na hadhi ndogo? Ni mfano adimu wa nathari ya kisiasa ya Kiswahili iliyoandikwa na Mkenya katika miaka ya kwanza ya uhuru, na aliyeiandika akaja kuwa mmoja wa washairi wetu wakubwa. Mwanafunzi wa mitindo anayetaka kujua jinsi swali moja fupi linavyoweza kubeba hoja nzima hatapata mfano bora kuliko kichwa cha waraka huo.

Hoja ya tatu ni ya ugumu: Kimvita ni kigumu, na wanafunzi wa Nairobi watakata tamaa. Kuhusu hili nimekwisha kusema niliyoyaona. Nitaongeza jambo moja. Tunapoandika katika mtihani kwamba matumizi ya lahaja ni "uhuru wa mshairi", tunadokeza kwamba Abdilatif alitoka kwenye njia iliyonyooka akaruhusiwa kurudi. Ukweli ni kwamba Kimvita ndiyo lugha aliyonyonya, na Kiswahili sanifu ndicho alichojifunza baadaye na kusaidia kukijenga. Kumwita mtu mkiukaji kwa kusema lugha ya mama yake ni kumwekea mipaka mara nyingine.

Hitimisho

Wahenga walinena, kulenga si kufuma. Haitoshi kulalamika, kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa walimu wetu.

Kwanza, katika kozi za ushairi, Sauti ya Dhiki isifundishwe bila Kenya: Twendapi?, na karatasi hizo mbili zilinganishwe: mtu mmoja anasemaje akiwa nje, na anasemaje akiwa ndani. Pili, tunapotunga maswali ya majaribio, lile la uhuru wa mshairi lifuatwe na jingine: mshairi alinyimwa uhuru gani, na shairi linaonyeshaje hivyo? Maswali hayo mawili yakikaa pamoja, inkisari na mazida vitapata uzito wake wa kweli. Tatu, chama kifanye vikao vya kusoma nje ya lango la chuo. Maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na ziko wazi. Tuwapelekee vijana wa mitaa hii diwani na waraka, na tuwasikilize wanavyovisoma.

Kazi hii imekwisha kuanzwa na waliotutangulia. Marehemu Ken Walibora, ambaye wengi wetu tuliingia katika fasihi kupitia Siku Njema, aliyatafiti maandishi ya magerezani na kuyatafsiri mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa Kiingereza; tafsiri hiyo ilichapishwa Marekani baada ya kifo chake. Aprili 2020 aligongwa na basi katika Barabara ya Landhies, njia ile ile inayotutoa mjini kutuingiza Eastlands. Aliipeleka sauti ya Abdilatif hadi kwa wasomaji wasiojua Kiswahili. Itakuwa ajabu ikiwa wao watasoma diwani hiyo wakijua ilivyozaliwa, na sisi wenye lugha tuendelee kuisoma kama zoezi la kuhesabu.

Umri wangu umekwisha kuupita ule aliotoka nao gerezani. Alipouliza swali lake alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wengi wanaoandikia jarida hili. Swali lenyewe ni maneno mawili, hayana kina wala mizani, na kila kijana wa Kayole analielewa bila kamusi. Walimu wetu, lirudisheni darasani.